Kusoma majina ya watu katika hati za Kinahuatl

Mwaka wa 1560, makarani wa Huexotzinco, huko Meksiko chini ya utawala wa Hispania, walitengeneza daftari la wakazi ambalo leo limehifadhiwa Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Humo mna vichwa vya watu. Kando ya kichwa pana alama ya jina, pamoja na jina hilo kwa herufi za Kilatini. Msomaji mgeni akiona tai husema: huyu aliitwa Tai. Hapo ndipo anapoweza kumbatiza mtu jina ambalo hakuwa nalo.

Tutazame jina Itzcoatl, alilokuwa nalo mtawala wa nne wa Tenochtitlan. Katika Kodeksi Mendoza limechorwa nyoka, coatl, mwenye ncha za jiwe kali liitwalo itztli. Huko maana ndiyo iliyochorwa. Lakini katika Kodeksi Vergara, iliyotoka upande wa Texcoco, jina hilohilo limeandikwa kwa itztli, chungu (comitl) na maji (atl): itz-co-a. Nyoka hayupo! Chungu kimetoa silabi yake ya kwanza tu, kama vile Mswahili anayetaka kuandika kitenzi kaa angechora kaa mwenye magando. Aubin, mtaalamu wa Kifaransa, aliutaja mfano huu tangu karne ya 19. Mwaka wa 2008 Alfonso Lacadena alitetea hoja kwamba makarani wa Texcoco hawakuwa na mwandiko wa pekee, ila walipenda kutumia silabi kuliko wenzao.

Turudi kwa tai wetu. Tai ni cuauhtli, mti ni cuahuitl; ndani ya neno ambatani yote mawili hubaki cuauh-. Kwa hiyo kichwa cha tai chaweza kusimama mahali pa mti, na herufi za Kilatini hazitatui jambo hilo, kwani zinatupa sauti ileile. Ni lazima kulichambua jina zima, kipande kwa kipande, kabla ya kulifasiri.

Majina ya Kihispania yanathibitisha njia hiyo. Katika Kodeksi Telleriano-Remensis, Mendoza, mwakilishi wa mfalme, ameandikiwa mmea wa jamii ya mkonge (metl) na mnyama mfano wa fuko (tozan). Kinahuatl hakina sauti d. Karani akaandika alivyotamka. Mmea na mnyama hao hawasemi lolote juu ya tabia ya bwana huyo.