Fumo Bakari: Sultani aliyetupwa na walinzi wake

JE, ndugu msomaji, unapovuka daraja la Garissa umewahi kujiuliza maji ya Mto Tana yanaishia wapi? Yafuate, upite Hola na Garsen, mpaka yaingie baharini Kipini. Karibu na hapo, ndani kidogo barani, kuna mji mdogo wa Witu. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mji huo ulikuwa na sultani wake.

Mwanzilishi alikuwa Ahmed, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyeitwa Simba. Majeshi ya Zanzibar yalimfukuza visiwani, akajenga ngome yake katikati ya msitu. Watumwa waliotoroka mashambani walimkimbilia. Zanzibar ilimwita mwasi, matajiri wa Lamu wakamwita mwizi, lakini kwa mtoro alikuwa mkombozi.

Simba alitafuta ngao. Aprili 1885 aliwauzia ardhi ndugu wawili Wajerumani, akina Denhardt. Mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza kuwa inamlinda. Agosti, manowari zake zikatia nanga Zanzibar, na Seyyid Barghash akalazimika kukubali.

Simba alipofariki, Fumo Bakari alirithi kiti na ngao hiyo pia. Lakini wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri. Julai 1, 1890, mkataba ulitiwa sahihi Berlin. Ujerumani iliiachia Uingereza Witu na kuitambua mamlaka yake juu ya Zanzibar, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Fumo Bakari hakuwa na kiti kwenye meza hiyo.

Septemba, Mjerumani Andreas Küntzel, aliyekuja kupasua mbao, aligombana na watu wa sultani. Risasi zikalia, na yeye na wenzake kadhaa wakauawa. Oktoba, Admirali Fremantle wa Uingereza aliwasili na mabaharia wake, pamoja na askari wa Zanzibar. Witu ikateketezwa. Fumo Bakari alikimbilia msituni, akafariki Januari 1891. Fumo Omari aliendeleza vita, lakini mwaka 1895 Waingereza walimtawaza mtu waliyemtaka wao, Omar bin Hamed.

Je, Fumo Bakari alikuwa mwasi au mtawala halali? Wewe mwanafunzi, unaposoma neno "mwasi" katika kitabu cha historia, uliza kwanza: ni nani aliyemwita hivyo, na alitaka nini kwake?