Ugoro nao ni tumbaku

Muulize mtu yeyote mjini Karatina kuhusu sigara, atakujibu papo hapo kwamba inaua. Picha za kutisha zimo kwenye pakiti tangu 2016, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta ofisini, hotelini na ndani ya matatu. Geuza swali umuulize kuhusu ugoro, ambao huku Nyeri tunauita mbakĩ, na jibu hubadilika: ni dawa ya mafua, hufungua kichwa, ni starehe ya wazee.

Takwimu zinaonyesha gharama ya imani hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulipata kuwa asilimia 15.1 ya wanaume Wakenya huvuta tumbaku, lakini wanawake ni asilimia 0.8 pekee. Kwa tumbaku isiyo na moshi, wanaume ni asilimia 5.3 na wanawake 3.8. Kwa hiyo kampeni inayozungumzia moshi tu humpita cucu (bibi) aliyeketi sokoni na kikopo chake cha ugoro.

Tazama unavyotengenezwa. Majani makavu ya tumbaku husagwa, kisha hutiwa magadi, yale yale yanayolainisha maharagwe jikoni. Ndani ya jani, nikotini imeshikamana na asidi. Magadi huiachilia, ikapenya haraka kwenye utando laini wa pua au wa ufizi na kuingia katika damu. Ndiyo sababu chembe kidogo tu humshika mtu sawasawa.

Je, kichwa kinachofunguka? Aliyezoea nikotini huumwa kichwa na kukosa utulivu anapoikosa. Mtu ananusa, maumivu yanatulia, naye anasema amepona. Kumbe ametuliza kiu iliyoletwa na ugoro wenyewe.

Kukosekana kwa moshi hakuondoi sumu. Tumbaku isiyo na moshi ina kemikali hatari ziitwazo nitrosamini, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kwamba tumbaku hiyo husababisha saratani ya mdomo, umio na kongosho. Mama mjamzito anayeitumia huhatarisha maisha ya mtoto aliye tumboni.

Tuanze kurekebisha mambo pale tunapoweza. Mhudumu wa afya asimuulize mgonjwa kama anavuta sigara akaishia hapo. Amuulize pia kama ananusa au anabwia ugoro, kwa maneno hayo hayo. Guka (babu) asimtume mjukuu kununua mbakĩ: ni kinyume cha sheria kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na mtoto hujifunza kutoka mkononi mwa anayempenda. Na anayetaka kuacha asione haya kuomba msaada. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi, kisha hamu hupungua. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.