Kura yako na mashine: kagua mwenyewe



Mkulima anapopeleka ufuta au dengu ghalani, mzigo wake hupimwa kwenye mizani. Siku hizi mizani nyingi huonyesha kilo kwa namba zinazowaka. Lakini mkulima mwangalifu haondoki kwa sababu tu mizani imewaka. Husoma kilo mwenyewe. Hupokea stakabadhi. Huitunza mpaka alipwe. Akipunjwa, stakabadhi ndiyo shahidi wake. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kura nayo ni mali. Mimi ni bwana shamba, na kazi yangu ni mbegu na mbolea. Lakini huko vijijini wananchi huniuliza pia juu ya mashine za uchaguzi. Je, mashine inaweza kuiba kura? Je, nani anaikagua? Leo tujifunze pamoja.

MASHINE INAANDIKISHA, KARATASI INAPIGA KURA

Kwanza tuelewe jambo moja. Katika uchaguzi wetu mkuu mashine huandikisha wapiga kura. Kura yenyewe hupigwa kwa karatasi.

Mashine za kuandikisha zilianza kutumika nchi nzima mwaka 2015. Watu huziita BVR. Mashine hii huchukua picha ya uso wako, alama za vidole na saini. Kazi yake kubwa ni kumgundua mtu aliyejiandikisha mara mbili. Mtu anaweza kubadili jina, lakini hawezi kubadili alama za vidole vyake. Mwaka 2015 Daftari lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 23. Mwaka 2025 walikuwa zaidi ya milioni 37.

Karatasi ya kura ina picha ya mgombea, jina lake, na alama ya chama chake. Kupiga kura kwa kutazama alama si jambo geni. Wazee wetu wanakumbuka uchaguzi wa mwaka 1965. Wakati ule wagombea ubunge wawili walipewa alama mbili: mmoja jembe, mwingine nyumba. Hata asiyejua kusoma aliweza kuchagua.

SHERIA INASEMA NINI?

Mwezi Februari 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya za uchaguzi. Moja ni Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani. Nyingine ni Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025 ulikuwa wa kwanza chini ya sheria hizo.

Yako mambo manne ambayo kila mwananchi anapaswa kuyajua.

Kwanza, Daftari huboreshwa mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Wakati huo aliyetimiza miaka 18 huandikishwa. Aliyehama huhamisha taarifa zake. Aliyepoteza kadi hupewa nyingine.

Pili, kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili.

Tatu, asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu unaomzuia kupiga kura peke yake, anaweza kwenda na mtu anayemwamini ili amsaidie. Mtu huyo humchagua mwenyewe. Msaidizi huyo asiwe msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Kwa wasioona kipo pia kifaa chenye maandishi ya nukta nundu.

Nne, kura zikishahesabiwa kituoni, matokeo huandikwa kwenye fomu. Mawakala wa vyama hupewa nakala. Nakala nyingine hubandikwa mahali pa wazi hapo kituoni ili watu waisome.

Tafadhali usichanganye uchaguzi huu na ule wa serikali ya kijiji. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa una orodha yake. Ulipofanyika Novemba 27, 2024, wakazi waliandikishwa upya mwezi Oktoba, kitongoji kwa kitongoji. Aliyefikiri kwamba kadi yake ya mpiga kura inatosha, na asijiandikishe, alikosa kupiga kura.

MAJIRANI ZETU WALIPATA NINI?

Kenya hutumia mashine zaidi yetu. Huko mashine humtambua mpiga kura kwa kidole, na hutuma matokeo kutoka kituoni. Uchaguzi wa Agosti 8, 2017 ulileta mgogoro. Namba za kura zilifika haraka kwa njia ya mtandao, lakini nyingi zilifika bila picha ya fomu ya kituo. Matokeo ya Rais yalitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijafika. Mahakama ya Juu iliamuru kompyuta za Tume zifunguliwe zikaguliwe. Amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu. Septemba 1, 2017 Mahakama, ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta matokeo ya Rais. Uchaguzi ulirudiwa Oktoba 26.

Mwaka 2022 Wakenya walifanya tofauti. Picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni. Mtu yeyote aliweza kuzijumlisha mwenyewe. Kesi ilifunguliwa tena, lakini safari hii Mahakama iliyathibitisha matokeo.

Namibia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 watu walipiga kura kwa kubonyeza kitufe kwenye mashine. Mashine haikutoa karatasi yoyote. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba kutumia mashine bila karatasi ya kukagulia ni kinyume cha Katiba. Mwaka huo huo Namibia ilirudi kwenye karatasi.

Hata Ujerumani, nchi ya mafundi, ilisimamisha mashine zake. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba mwananchi wa kawaida lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa mtaalamu.

Msomaji, angalia maneno hayo: mwananchi wa kawaida. Ni wewe na mimi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU?

Hapa kwetu Katiba, ibara ya 41(7), hairuhusu mahakama kuchunguza matokeo ya Rais yakishatangazwa na Tume. Matokeo ya ubunge na udiwani yanaweza kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo kosa la kura za Rais lisipogunduliwa mapema, halina njia ya kurekebishwa baadaye. Mahali pa kuligundua ni kituoni, wakati karatasi zinahesabiwa na fomu inaandikwa.

Tena mtandao si wa kutegemea siku zote. Oktoba 29, 2025 palitokea ghasia na vifo, na intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwenye simu hakuweza kusoma habari. Lakini karatasi iliyobandikwa ukutani haihitaji mtandao wala umeme. Inahitaji mtu anayejua kusoma namba. Ukiwa umejifunza namba darasani, kazi hii unaiweza.

MAMBO YA KUKAGUA

1. Jina lako. Daftari la awali linapobandikwa, nenda ukasome. Tazama kama jina limeandikwa sawa. Tazama pia kama wamo watu waliofariki. Toa taarifa kwa mwandikishaji mapema, kabla siku za ukaguzi hazijaisha.

2. Kadi yako. Itunze pamoja na stakabadhi zako za mazao. Usimpe mtu kadi, wala usimruhusu aandike namba yake. Asiiuze mtu kwa fedha, kanga, wala chumvi.

3. Kura yako. Fika mapema. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Aliyekwisha kuwa kwenye mstari saa 10 ikifika anaruhusiwa kupiga kura. Weka alama ya vema kwa mgombea mmoja, kunja karatasi, itumbukize mwenyewe.

4. Fomu ya matokeo. Rudi ukaisome ubaoni. Andika namba kwenye daftari lako: kila mgombea kura ngapi, zilizoharibika ngapi, jumla ngapi. Jumlisha mwenyewe. Matokeo ya kata na jimbo yakitangazwa, utakuwa na cha kulinganisha. Ukiona tofauti, mweleze wakala wa chama unachokiamini, maana yeye ana nakala. Fanya hivyo kwa utulivu.

Kijiji kinachosoma fomu yake hakidanganywi kwa urahisi, wala hakiamini kila uvumi. Aliyeandika namba anajua. Asiyeandika atabaki kubishana.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Je, tunapiga kura kwa mashine au kwa karatasi?
2. Kwa nini matokeo ya Rais yalifutwa Kenya mwaka 2017?
3. Katika kijiji chenu, ni watu wangapi walisoma fomu ya matokeo iliyobandikwa mwaka 2025?
4. Wagombea watatu wamepata kura 148, 97 na 6. Zilizoharibika ni 4. Fomu inasema jumla ni 265. Je, fomu ni sahihi? Kama si sahihi, utamweleza nani?