Tarbushi Katika Jeshi la Kaizari

Wasomaji, Waslavi si Wakristo peke yao. Waislamu wa Bosnia nao ni Waslavi. Dola ya Austria na Hungaria iliitwaa nchi yao mwaka 1878. Ilipowalazimisha vijana kuingia jeshini, watu waliasi mwaka 1882, wakashindwa. Vita vya 1914 vilipozuka, Bosnia ilikuwa na rejimenti nne za askari wa miguu, wakivaa tarbushi, na maimamu wakifuatana na Waislamu wao. Huko Log pod Mangartom, Slovenia ya leo, walijenga msikiti huku wakipigana na Wataliana milimani. Msikiti haupo tena, makaburi yapo.

Je, wajukuu wawakumbukeje wazee waliomtumikia Kaizari wa wageni?

Swali hili si geni kwetu Pwani. Babu yangu alichukuliwa Kariakoo, akawabebea mizigo Waingereza waliopigana na Mdachi, naye Mdachi alikuwa upande mmoja na Khalifa wa Uturuki. Nyumbani hatukumwita msaliti wala shujaa. Tulimsomea hitima, tukamwombea rehema.

Mwenye picha au barua ya mzee wake asiitupe. Bendera ilikuwa ya wageni, lakini mzee ni wetu.