Mtoto Anayedhurika kwa Maziwa ya Ng'ombe

Leo twataka kueleza habari ya maziwa. Huenda wengine watauliza, maziwa yana ubaya gani? Maziwa ndiyo tumpayo mgeni na mgonjwa, nayo hujenga mifupa na meno. Maneno hayo ni kweli, wala hatukusudii kuyatia maziwa dosari. Lakini wapo watoto wachache ambao maziwa ya ng'ombe huwadhuru, na mama zao huteseka sana kwa kutojua sababu.

Lugha yetu ina neno la kale, nalo ni mzio. Wazee waliita mzio chakula ambacho mtu hujizuia nacho, kwa kuwa akikila humletea madhara. Siku hizi waganga wa hospitali hulitumia neno hilo hilo kwa hali ambayo Clemens von Pirquet, daktari wa mji wa Vienna, aliipa jina la aleji mwaka 1906.

Mzio huwaje? Mwili wa binadamu una askari wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Katika mtoto mwenye mzio, askari hao hukosea. Huidhania protini ya maziwa, yaani ile sehemu ijengayo mwili, kuwa ni adui. Ni kama mlinzi wa shamba amrushiaye mshale mwenye shamba arudipo usiku. Ghasia ya vita hiyo ndiyo tuionayo kuwa ugonjwa. Katika nchi ambazo hesabu imefanywa, watoto wachanga wenye mzio huu kwa kawaida hawapiti watatu hivi katika kila mia.

Dalili zake ni za namna mbili. Namna ya kwanza huja upesi, baada ya dakika chache au kabla ya saa mbili kupita. Mtoto hutokwa na vilengelenge vya kuwasha, midomo na macho huvimba, naye hutapika. Namna ya pili huja polepole, baada ya saa nyingi au hata siku mbili tatu. Huyu huharisha, pengine choo chake huwa na kamasi na damu, ngozi hukauka na kuwasha, wala uzito wake hauongezeki. Lakini angalieni: damu katika choo yaweza pia kuwa dalili ya kuhara damu, na mtoto hukonda kwa maradhi mengi. Kwa hiyo mtu asikate shauri nyumbani. Ampeleke mtoto zahanati apimwe.

Tena tusichanganye mzio na tumbo lisiloweza kumeng'enya sukari ya maziwa. Hali hiyo huwapata watu wazima wengi: wakinywa maziwa mabichi tumbo hujaa hewa na kuharisha, lakini mtindi huwafaa zaidi, kwa kuwa kugandishwa hupunguza sukari ile. Mwenye mzio sivyo. Mtindi bado una protini, nao humdhuru vile vile. Kuchemsha maziwa ni desturi njema, maana huua vijidudu, lakini hakumwokoi mtoto huyu. Hata maziwa ya mbuzi si kimbilio, kwa sababu protini zake zafanana mno na za ng'ombe.

Sasa twafika penye jambo kubwa. Mtoto akikonda, majirani hunong'ona kwamba amebemendwa. Kwamba baba au mama amevunja miiko ya malezi. Mama hutahayari, huogopa kwenda zahanati, na mwisho huambiwa kwamba maziwa yake ni mabaya, amwachishe mtoto ziwa. Shauri hilo laweza kumwua mtoto. Ziwa la mama si adui. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha mtoto huyu kama cha wenzake wote: apewe hayo peke yake miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na kula hata afikie miaka miwili au zaidi.

Ni kweli kwamba chembe kidogo za protini ya ng'ombe zaweza kupita kutoka chakula cha mama mpaka maziwani mwake. Mtoto akiwa hadhuriki anyonyapo, mama hana haja ya kujinyima. Akiwa adhurika, mganga humwagiza mama aache maziwa ya ng'ombe, mtindi, siagi, chai ya maziwa na maandazi yaliyokandwa kwa maziwa, muda wa wiki mbili hadi nne. Mtoto akipata nafuu, mama huyarudia maziwa ili ionekane kama dalili zitarudi. Zikirudi, sababu imejulikana. Zisiporudi, mama asizuiwe chakula bure. Anayejizuia yafaa ale dagaa wazima pamoja na mifupa yao, na mboga za majani, ili mifupa yake isipungukiwe na chokaa.

Mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji maziwa ya kopo ya namna maalumu, ambayo protini zake zimekatwakatwa, naye hana budi kuangaliwa na daktari. Uji mtupu hautoshi. Mtoto apitaye miezi sita atiliwe katika uji wake unga wa dagaa au karanga zilizosagwa laini, apewe na maharagwe yaliyopondwa, yai lililoiva na parachichi. Ukiondoa chakula kimoja, weka kingine mahali pake.

Hatari ni hii: mtoto akikoroma au kupumua kwa shida, akilegea au kuzimia baada ya kunywa maziwa, msingoje. Mlazeni chali, miguu ikiinuliwa. Kama kupumua ni kugumu, aketi. Mkimbizeni hospitali akadungwe sindano ya adrenalini pajani. Mtoto wa namna hii asionjeshwe maziwa tena nyumbani. Kujaribu ni kazi ya hospitali.

Mwisho tuna habari njema. Watoto walio wengi huuacha mzio huu kabla ya kwenda shule, wengi wao wakiwa na miaka mitatu hadi mitano. Kwa hiyo mrudisheni mtoto kwa mganga kila baada ya miezi sita au mwaka, aangaliwe kama wakati wake umefika. Na hapo majirani watakapouliza mtoto alibemendwa na nani, waambieni kwamba hakubemendwa na mtu. Alikuwa na mzio, na mama yake aliutambua mapema.