Kuku bantamu

Bantamu ni kuku wa umbo dogo. Neno hili halitaji spishi ya pekee: bantamu ni kuku wa kufugwa (Gallus gallus domesticus) kama kuku wengine wote, na anaweza kuzaa na kuku mkubwa yeyote. Kinachomtofautisha ni udogo wa mwili unaorithiwa na watoto. Bantamu wengi waliokomaa wana uzito wa kati ya gramu 500 na kilo 1. Akilinganishwa na kuku mkubwa wa aina ileile, bantamu huwa na takriban robo au sehemu moja ya tano ya uzito wake.

Kuku aliyedumaa kwa njaa au minyoo si bantamu. Mayai yake yakiatamiwa na vifaranga wakalishwa vizuri, watakuwa wakubwa kama babu zao. Tofauti hiyo ni muhimu hasa vijijini, ambako kuku wengi wadogo wanaoonekana uani ni mchanganyiko wa hali hizo mbili, na si rahisi kuwatambua kwa macho tu.

Asili ya jina

Jina linatokana na Banten, mji wa bandari upande wa magharibi wa kisiwa cha Java, Indonesia. Waholanzi walifika huko mwaka 1596 kutafuta pilipili manga, na mabaharia wa Ulaya walinunua kuku wa kula safarini. Wale wadogo waliopatikana pwani ya Asia waliitwa kwa jina la bandari hiyo, hata kama walitoka kwingine.

Wafugaji hugawa bantamu katika makundi mawili. Bantamu halisi ni wale ambao hawana ndugu mkubwa wa aina yao, kwa mfano Chabo wa Japani, Sebright wa Uingereza na Serama wa Malaysia, ambaye ndiye mdogo kuliko wote na mara nyingi hafiki gramu 500. Kundi la pili ni kuku wakubwa waliopunguzwa umbo kwa kuchaguliwa vizazi vingi, kama vile Leghorn, Brahma na Plymouth Rock wadogo.

Sebright anastahili kutajwa zaidi kwa sababu historia yake inajulikana. Alitengenezwa na Sir John Saunders Sebright (1767–1846), mbunge na mwenye mashamba, aliyetaka kuku mdogo ambaye kila unyoya wake una ukingo mweusi. Mwaka 1809 alichapisha barua juu ya kuboresha mifugo, na Charles Darwin aliisoma baadaye. Jogoo wa Sebright ana manyoya kama ya tetea, bila mundu mrefu mkiani. Aina hii ina sifa ya mayai mengi yasiyorutubishwa na vifaranga dhaifu, na ni mfano mzuri wa gharama ya kuchagua uzuri peke yake.

Kuku wadogo wa Tanzania

Nchini Tanzania neno bantamu halijulikani sana vijijini, lakini kuku wadogo wapo tangu zamani miongoni mwa kuku wa kienyeji. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na wenzao walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi matano ya kuku wa kienyeji: Kuchi, Singamagazi, Mbeya, Morogoro wa kati na Ching'wekwe. Kuchi na Singamagazi ni kuku wazito. Ching'wekwe, ambaye ni wa mkoa wa Morogoro na maeneo jirani, anajulikana kwa umbo dogo lililoshikamana na miguu mifupi. Kwa vipimo vya Ulaya Ching'wekwe si bantamu kamili, kwani ni mzito kuliko Sebright. Hata hivyo ndiye aliye karibu zaidi na bantamu kati ya kuku wa sehemu hizo, na mambo yote ya kumtunza na kumzalisha ni yaleyale.

Katika bonde la Kilombero, kwa mfano katika kata ya Idete iliyo magharibi ya Ifakara, kuku hufugwa kwa kuachwa huru. Bonde ni tambarare ya mafuriko, sehemu kubwa yake imeorodheshwa tangu mwaka 2002 kuwa ardhi oevu ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na zao kubwa ni mpunga. Kuku hufuata mpunga. Baada ya mavuno kuna chenga, pumba na punje zilizoanguka kwenye uwanja wa kupuria. Wakati wa masika chakula ni haba na ardhi ni matope. Msimu wa kilimo ukifika, baadhi ya kaya huhama kijijini na kukaa miezi kadhaa kwenye vibanda vya mashambani. Kuku wa kwenda nao hubebwa kwa tenga, na hapo tetea mdogo ana faida iliyo wazi: tenga moja huchukua wengi, na hula kidogo.

Faida yake kubwa zaidi lakini ni kuatamia. Tetea wadogo wa kienyeji hutaga mayai machache, kisha hulala juu yake kwa siku 21 bila kuchoka na kulea vifaranga kwa ukali. Bantamu wengi wako hivyo, na baadhi yao hutotoa siku moja au mbili mapema. Kwa kaya isiyo na mashine ya kutotolea, tetea anayeatamia ndiye mashine yenyewe, na umeme ukikatika yeye haathiriki.

Kupotea kwa udogo

Kuku walioboreshwa kama Sasso na Kuroiler wameenea Tanzania katika miaka ya karibuni. Wanakua haraka na hutaga mayai mengi zaidi, na hakuna sababu ya kumlaumu anayewanunua. Shida ni jogoo wao kuachwa huru kijijini. Tetea mdogo akipandwa na jogoo mkubwa, watoto wana nusu tu ya damu ya kundi dogo. Watoto hao wakipandwa tena na jogoo mkubwa inabaki robo, na kizazi cha tatu kina sehemu moja ya nane. Kwa kuwa kuku huanza kutaga akiwa na umri wa miezi 6 hivi, safari hiyo huchukua miaka miwili au mitatu tu. Matetea wa kundi lililochanganyika hivyo huwa wakubwa kweli, lakini wengi wao hawaatamii, na mwenye kaya hulazimika kununua vifaranga kila mara.

Kwa hiyo mfugaji anayetaka kubaki na kuku wadogo hawezi kuiachia bahati. Hana budi kuwatenga matetea aliowachagua pamoja na jogoo mmoja mdogo, ndani ya uzio, angalau wiki 2 hadi 3 kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, kwani mbegu ya jogoo wa awali huendelea kuishi mwilini mwa tetea kwa muda huo. Jogoo mmoja hutosha matetea 5 hadi 8. Jogoo mkubwa hafai kwa sababu nyingine pia: uzito wake humchubua tetea mdogo mgongoni. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili jogoo abadilishwe na wa mfugaji mwingine mwenye kuku wa umbo lilelile, maana kundi dogo linalozaana lenyewe kwa lenyewe huanza kutaga mayai yasiyototolewa.

Urithi wa udogo una njia kadhaa. Katika bantamu wengi husababishwa na jeni nyingi, kila moja ikipunguza kidogo, na ndiyo maana hupotea taratibu bila mtu kutambua. Kuna pia jeni moja yenye nguvu, inayoandikwa dw, iliyoko kwenye kromosomu ya jinsia Z. Jogoo ana Z mbili na tetea ana moja, kwa hiyo tetea huonyesha udogo huo kwa nakala moja tu aliyopewa na baba yake, lakini jogoo anahitaji nakala mbili.

Miguu mifupi ni habari tofauti, na hapa wafugaji hupata hasara wasiyoielewa. Chabo wa Japani ana jeni inayofupisha mifupa ya miguu. Nakala moja humpa kuku miguu mifupi; nakala mbili huua kiinitete ndani ya yai. Ukizalisha jogoo wa miguu mifupi na tetea wa miguu mifupi, katika kila mayai 12 yaliyorutubishwa tarajia kwa wastani 3 kufa, 6 kuwa vifaranga wa miguu mifupi na 3 wa miguu ya kawaida. Mayai hayo 3 hudhaniwa kuwa yameharibiwa na radi, joto au uvivu wa mama. Ukimpa jogoo wa miguu mifupi tetea wa miguu ya kawaida, nusu ya vifaranga huwa na miguu mifupi na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo. Mwalimu wa biolojia anayetafuta mfano wa jeni inayoua hahitaji kwenda mbali na banda la kuku.

Matunzo

Banda la kuku wadogo linahitaji nafasi kidogo, lakini katika nchi ya mafuriko liinuliwe juu ya nguzo, na sakafu ya mbao au mianzi iruhusu kinyesi kuanguka chini. Kuku wa miguu mifupi huburuta tumbo kwenye majani yenye maji na matope, na wale wenye manyoya miguuni, kama Pekin, hupata shida zaidi. Wakati wa masika ni heri wabaki bandani hadi umande ukauke. Milango ifungwe mapema jioni: kicheche, nguchiro na kenge hupita kwenye tundu dogo, na mchana mwewe humbeba bantamu mzima ambapo kuku mkubwa angeweza kumpiga.

Vifaranga ni wadogo mno na hupoa haraka. Sahani ya maji iwe ya kina kifupi na iwekwe mawe, la sivyo watazama. Chenga laini za mchele huwafaa kwa nguvu, lakini hazina protini ya kutosha. Mchwa, ambao wafugaji wengi vijijini huwavuna kwa kufunika kinyesi cha ng'ombe na mabua makavu ndani ya chungu, huziba pengo hilo bila gharama. Tetea mdogo apewe mayai 6 hadi 8 tu ya ukubwa wake. Akizidishiwa, ya pembeni hupoa na kwa kuwa huyageuza na kuyahamisha, kila moja hupata zamu ya kupoa.

Ugonjwa unaotisha kuliko yote ni kideri, ambao pia huitwa mdondo. Unasababishwa na virusi na unaweza kuua karibu kundi zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto na inayotengenezwa nchini Tanzania, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Wafugaji wengine hudhani kuku mdogo anahitaji nusu ya dozi. Si kweli: kifaranga, bantamu na jogoo wa Kuchi wote hupewa tone moja zima. Kaya zinazohamia mashambani zichanje kabla ya kuhama, kwa sababu huko kuku wa vijiji mbalimbali hukutana.

Maonyesho

Mashindano ya kuku yalipata nguvu Uingereza baada ya mapigano ya majogoo kupigwa marufuku mwaka 1835. Onyesho kubwa la kwanza lilifanyika London mwaka 1845 katika bustani ya wanyama. Wamarekani waliunda chama chao cha kuku mwaka 1873 na mwaka uliofuata wakachapisha kitabu cha viwango. Bantamu wakapata chama chao wenyewe mwaka 1914. Kitabu cha viwango hueleza umbo, upanga, rangi ya kila sehemu ya manyoya na uzito. Bantamu aliyezidi uzito hupoteza alama, jambo la kuchekesha kwa mtu aliyezoea kuona kuku mnene akisifiwa.

Tanzania, kuku huonyeshwa katika sherehe za Nane Nane, na kwa kanda ya mashariki uwanja uko Morogoro mjini. Mkazo huko ni nyama na mayai. Viwango vya Uingereza na Marekani havina Ching'wekwe, kwa hiyo anayetaka kumwonyesha yampasa aeleze mwenyewe anachokihifadhi: uzito aliopima, urefu wa mguu, idadi ya mayai na ya vifaranga waliototolewa. Daftari la miaka miwili litamfaa kuliko ngome iliyopakwa rangi.

Kuku wa kuonyeshwa huzoeshwa kushikwa na kukaa kwenye ngome kwa wiki kadhaa. Huoshwa siku 2 kabla kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, husuuzwa vizuri na kukaushwa mahali pasipo upepo. Miguu na upanga hupakwa mafuta kidogo. Chanjo ya kideri itolewe wiki 3 kabla ya safari ili kinga iwe imejengeka. Akirudi nyumbani, kuku huyo atengwe angalau wiki 2, ahudumiwe baada ya wengine, na tenga lililombeba lioshwe na kuanikwa juani kabla ya kuingizwa uani.