Mgonjwa wa Kifafa: Tumwombee, na Tumpeleke

Masomo: Marko 9:14-29, Matayo 4:24

Kuna swali moja ambalo wasikilizaji hawachoki kutuuliza: mtoto anayeanguka na kutoa povu, ana pepo au ana ugonjwa? Wengi wanafungua Marko 9, habari ya yule kijana aliyekuwa akitupwa motoni na majini, wanasema jibu ni hilo. Tunawaomba wafungue pia Matayo 4:24. Pale wanatajwa watu walioletwa kwa Yesu: wenye pepo wametajwa kwao, wenye kifafa kwao, waliopooza kwao. Wote waliponywa, lakini Maandiko hayakuwachanganya. Mbona sisi tunawachanganya?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo unafanya kazi kwa nguvu ndogo kama za umeme. Nguvu hizo zikiwaka zote kwa mara moja, mwili unakakamaa, unatetemeka, mtu anapoteza fahamu. Chanzo kinaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani utotoni, uzazi uliokawia, au kuumia kichwa. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Huko Ituri na Bas-Uele, watafiti walikuta kifafa kingi katika vijiji vilivyo karibu na mito yenye maji ya kasi, pale wanapozaana wale nzi wadogo wanaoleta upofu wa mito. Ugonjwa huo uko pia kwetu Maniema. Basi wagawaji wa Mectizan wakipita katika kartie, msiwafungie mlango. Dawa hiyo inatolewa bure tangu mwaka 1987.

Mate ya mgonjwa hayaambukizi. Tunalisema hili kwa nguvu, maana watu wameungua vibaya kwenye mafiga huku majirani wakisimama mbali wakiogopa lile povu. Mtu akianguka, mwondoeni karibu na moto au maji, mwekeeni nguo laini chini ya kichwa, mlazeni kwa ubavu. Msimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajaamka, hiyo ni safari ya hopitali mara moja, hata kama ni usiku.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo liko ndani ya makanisa yetu wenyewe. Mgonjwa anafungishwa siku tatu, anakeshesha usiku mzima katika maombi, na dawa anaambiwa aitupe ili aonyeshe imani. Kwa mwenye kifafa, kukosa usingizi kunaleta degedege. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege linalofuatana bila kukoma, na mtu anakufa. Wenye afya na wafunge, wakeshe kwa ajili yake. Yeye ale, anywe dawa, alale. Hatuoni imani ikipungua hapo. Luka mwenyewe anaitwa mganga katika Wakolosai 4:14, na hakuna mahali Paulo alimwambia atubu kazi hiyo.

Na yule anayemwita mtoto mchawi kwa sababu anaanguka, au kwa sababu hasemi na hatazami watu machoni kama watoto wenye otizimu, ajue kwamba serikali imelikataza. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu kwa kifungo mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Mchungaji hakuondolewa humo.

Tumpeleke wapi? Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Kutoka pale wataandika karatasi ya kumtuma Hopitali Kuu ya Kindu. Ndugu wa Alunguli wana zoni yao ya afya, hawana lazima ya kuvuka mto kwanza. Dawa inayotumiwa sana ni fenobarbitali, na si ya bei kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Lakini inanyweka kila siku, miaka miwili au zaidi, na anayeamua kuipunguza ni munganga.

Kwa hali nzito zaidi, hata kwa vijana walioharibiwa akili na bangi au lotoko, kuna SOSAME kule Bukavu, hopitali ya magonjwa ya akili ya Mafrera wa Karita, tangu 1994. Ni ya Wakatoliki, ndiyo. Kifafa hakiulizi mtu anasali wapi. Safari ni ndefu na ya gharama, kwa hiyo familia moja isiachwe nayo peke yake wakati kanisa zima lina sadaka. Kwa mambo ya haki, Divisheni ya Mambo ya Kijamii hapa Kindu ndiyo ofisi ya kuendea. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda watu wenye ulemavu katika inchi nzima.

Siku ya kwenda kituoni, mgonjwa asiende peke yake. Yeye hakumbuki kilichompata. Aende na mtu aliyemwona akianguka, aliyeandika katika daftari ni siku gani, saa ngapi, ilichukua dakika ngapi, na ni upande gani wa mwili ulianza kutetemeka.